Masanduku ya marehemu katibu: kipi kibaki, kipi kitupwe, na nani aonyeshwe

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mtaalamu. Mimi ni katibu mpya wa chama cha wapiga zumari na filimbi hapa Mombasa. Katibu aliyenitangulia amefariki, na vitu vyote vya chama viko nyumbani kwake Kibokoni: masanduku mawili ya bati, kabati la vitabu na katoni ya kaseti. Kamati imegawanyika. Mweka hazina anataka risiti za zamani zichomwe. Vijana wanataka kila kitu kipigwe picha na kutiwa Facebook, kisha karatasi zitupwe. Mwenyekiti anasema tuwape serikali tupumzike. Nimesikia wapiga filimbi wa Marekani wana chama cha taifa na kumbukumbu zake zimewekwa vizuri. Wao hufanyaje? Na mimi nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, Bi Katibu, na poleni kwa msiba.

Neno la kwanza halihusu karatasi. Kama marehemu ameacha mjane, huenda bado yumo edani, na eda ni miezi minne na siku kumi. Msimwendee kamati nzima na gari la kubebea mizigo. Mtumeni mwanamke mmoja wa chama anayejuana na nyumba hiyo, aende kutoa pole, na akishakaa vizuri aombe jambo moja tu: masanduku yasifunguliwe, yasihamishwe, na katoni ya kaseti asipewe mtu. Nalisisitiza hili kwa sababu nyaraka nyingi za vyama hapa mjini hazikuliwa na mchwa. Zilitupwa na watu wema waliokuwa wakisafisha chumba baada ya arubaini, wakitafuta nafasi ya kulaza wageni. Watu wa nyumba wakishajua kwamba vitu vina wenyewe, hawavitupi.

Kisha lipo suala la mirathi, ambalo kamati hupenda kuliruka. Zumari aliyoipuliza marehemu ni ya warithi wake, hata kama aliipuliza kwenye shughuli za chama maisha yake yote. Hali kadhalika daftari lake la mashairi, barua zake mwenyewe na picha za familia. Lakini katiba ya chama, kitabu cha kumbukumbu za mikutano, rejista ya wanachama, daftari la ada, vitabu vya risiti, pamoja na barua alizoandika au kupokea kwa jina la chama, hivyo ni mali ya chama na havigawanywi kwa warithi. Katikati pana vya mchanganyiko: picha ya kikundi aliyoilipia mfukoni mwake, kaseti aliyorekodi barazani wenzake wakifanya mazoezi. Hivyo msivigombanie. Ombeni nakala. Andikeni orodha ya vilivyotoka na vilivyobaki, kila upande usaini na kubaki na karatasi yake. Siku mjukuu atakapokuja kuuliza kitu cha babu yake, mtakuwa na la kumwonyesha.

Siku ya kuvichukua, kabla hujainua hata karatasi moja, piga picha sanduku likiwa wazi. Ondoa tabaka la juu, piga tena. Bunda lililofungwa kwa kamba libaki limefungwa. Chomeka kikaratasi chenye namba kwa penseli, sanduku la kwanza, bunda la tatu, basi. Vijana watataka kupanga picha na picha, barua na barua. Wazuie. Mpangilio aliouacha marehemu, hata ukikuonekea fujo, ndio unaovieleza vitu vyenyewe. Tuseme umekuta barua ya mwaliko wa harusi kutoka Lamu, ndani yake imekunjiwa risiti ya nauli ya watu sita na picha isiyo na maandishi nyuma. Zikiwa pamoja, unajua picha ilipigwa wapi, mwaka gani, na waliosafiri walikuwa wangapi. Zikitenganishwa, utabaki na picha ya wanaume wasiojulikana, barua usiyojua kama ilijibiwa, na risiti ambayo mweka hazina atasema ichomwe.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na mweka hazina wako, kwa heshima zake. Mimi nikifunguliwa sanduku la chama cha muziki, huanza na daftari za fedha, kabla ya picha na vikombe. Picha hupigwa siku ya sherehe, kila mtu kanzu imepigwa pasi. Daftari la ada huandikwa mwezi baada ya mwezi, wakati hakuna anayetazama. Majina yako kushoto, miezi imepangwa juu, na kila aliyelipa amewekewa alama. Unamwona mtu analipa Januari hadi Juni bila kukosa, halafu vyumba vitupu, halafu pembeni ya jina lake kwa wino mwingine: yuko Uarabuni. Ukigeuza kurasa unakuta mwingine, na mwingine. Kazi za Ghuba zimeondoa wapiga ngoma na wapiga zumari wangapi hapa Mwambao? Jibu lake, kama lipo mahali popote, limo kwenye daftari za ada za vyama kama chenu. Risiti nazo hutaja bei ya ngozi ya ngoma, jina la fundi aliyechonga zumari, kodi ya ukumbi, kibali cha kupiga ngoma usiku. Hayo hayamo kwenye picha yoyote.

Sisemi muweke kila kipande. Risiti ndogondogo ambazo zimeshaandikwa moja moja kwenye daftari la fedha zinaweza kuondoka, mkibakiza za mwaka mmoja mmoja kama sampuli, pamoja na zote zinazotaja ala, safari, kurekodi na ukumbi. Nakala ya nne ya barua ileile, fomu tupu, gazeti zima lililowekwa kwa ajili ya habari moja (toeni fotokopi ya ukurasa ule na tarehe yake, maana karatasi ya gazeti huoza na kuchafua iliyo jirani), hivyo viende. Lakini uamuzi wa kutupa upitishwe na kamati na uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Na hesabu za miaka ya karibuni msiziguse kabisa: Sheria ya Vyama ya Kenya inakitaka chama kilichosajiliwa kiwe na rejista ya wanachama na vitabu vya hesabu, na kipeleke taarifa kwa Msajili wa Vyama kila mwaka. Kuchoma daftari halafu Msajili akaliulizia ni kujitafutia makubwa.

Umeuliza habari za Wamarekani. Chama chao, National Flute Association, kilianzishwa mwaka 1972. Ni cha wapiga ile filimbi ya kulaza ubavuni, ya madini, inayotumika kwenye okestra. Kila mwaka hufanya kongamano kubwa linalohama kutoka mji hadi mji, na kina jarida lake, The Flutist Quarterly. Kwa chama cha aina hiyo, uti wa mgongo wa kumbukumbu ni vitabu vya ratiba za makongamano: nani alipuliza nini, siku gani, nani alimpigia piano. Zipange mwaka baada ya mwaka na unaona ala nzima inavyokua, walimu wakizeeka na wanafunzi wao wakichukua jukwaa.

La kuiga kwao ni kutenganisha kazi. Maktaba yao ya nota, yaani muziki ulioandikwa, kwa miaka mingi iliwekwa Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, na wanachama waliazima kutoka huko. Nota ni kitu cha kutumika: huazimwa, huchanika, hununuliwa nyingine. Kitabu cha kumbukumbu za mikutano hakiazimwi, kwa sababu hakuna duka linalokiuza. Na ukitaka filimbi zenyewe, uende kwingine kabisa, Maktaba ya Bunge mjini Washington, uliko mkusanyiko wa Dayton C. Miller, mwanafizikia aliyefariki mwaka 1941 na kuacha karibu filimbi na ala za kupuliza 1,700, pamoja na vitabu na nota zake. Kwa hiyo msione aibu ala zikiwa jumba la makumbusho, kaseti mahali pengine na karatasi mahali pengine, mradi orodha moja inaonyesha kila kitu kiko wapi.

Ila nyinyi mna tofauti moja kubwa nao. Zumari hufundishwa kwa sikio, na chivoti, filimbi ya Wadigo, vilevile. Nota ni chache au hazipo. Kwa hiyo ile katoni ya kaseti inabeba mzigo ambao kule unabebwa na maktaba nzima ya nota. Na katika vyote mlivyo navyo, kaseti ndizo zinazokufa upesi. Karatasi iliyotunzwa vizuri itangoja miaka mia. Kaseti haingoji, na mashine nzuri za kuichezea zimekuwa adimu kuliko kaseti zenyewe.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ya chama iende huko. Vunjeni vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tafuteni fundi mwenye deki inayofaa, asafishe kichwa na rola kwa spiriti kabla ya kila kaseti, maana ukanda wa zamani huacha unga wa kahawia. Ukanda ukianza kupiga kelele kama panya, asimamishe hapo hapo. Kaseti za dakika 120 zina ukanda mwembamba sana, zisizungushwezungushwe mbele na nyuma. Mwambie anakili kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, biti 24, kilohezi 96. Saa moja ya stirio inakula kama gigabaiti 2, na diski za siku hizi hazishindwi na hilo. MP3 mtoe baadaye kwa ajili ya kusikiliza kwenye simu. Fundi akisema MP3 inatosha, badilisha fundi.

Na msiamini lebo. Kaseti zilirekodiwa juu ya kaseti, na ganda la mtu mmoja likavikwa kaseti ya mwingine. Kaa na mzee wa chama asikilize, na andika anayoyasema, kwa dakika na sekunde: hapa fulani ameingia, huu mkondo ni wa chakacha, sauti hii inayotangaza ni ya nani. Kama marehemu alikuwa na tabia ya kurekodi redio, huenda mna vipande vya vipindi ambavyo havipo tena popote. Kazi hii ya kusikiliza na mzee haina mashine wala haina mbadala. Ianze sasa, kabla hata ya kununua faili. Barua za herufi za Kiarabu nazo ziende kwa anayezisoma; nimeona mabunda ya Kiswahili kizuri kabisa yakiandikwa juu yake "Kiarabu, si muhimu".

Sasa hifadhi yenyewe, nami nitakwenda haraka maana si ngumu. Adui wa Mombasa ni unyevu na chumvi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu kuvu huota, na hapa tunapita mara nyingi. Chagueni chumba cha ghorofani chenye hewa, mbali na bomba la maji na mbali na ukuta wa nje, hasa zile kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale zinazonyonya maji kutoka chini. Rafu iwe juu ya sakafu, walau shibiri moja. Feni inayozunguka siku zote ni bora kuliko kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa jioni, maana kupanda na kushuka huko ndiko kunakotoa jasho kwenye karatasi. Sanduku la bati nalo hutoa jasho. Litunzeni kama kumbukumbu ya marehemu, lakini karatasi zihamie kwenye makasha ya karatasi isiyo na asidi. Yakishinda bei, zifungeni kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa bila sabuni ya manukato.

Pini na stepla za zamani zimeota kutu. Usizivute. Laza karatasi kifudifudi, nyanyua miguu ya stepla mmoja mmoja kwa kisu butu chembamba, geuza, kisha itoe kutoka juu. Kutu ikiwa imeshika, iache, kuliko kung'oa na kipande cha barua. Selotepu, hapana. Kupiga laminesheni, hapana kabisa: joto na plastiki vitaifunga karatasi humo, na hakuna atakayeweza kuitoa salama. Karatasi yenye kuvu ikaushwe kivulini penye upepo, kisha ipigwe brashi laini nje ya nyumba, mdomo ukiwa umefunikwa barakoa. Msianike juani darini. Daftari lenye wadudu hai lifungwe vizuri ndani ya plastiki, likae kwenye friza la baridi kali, chini ya nyuzi 18 hasi, wiki mbili, na likitoka lisifunguliwe mpaka siku ya pili. Kaseti na picha zisiingie humo. Vidonge vya nondo sivipendi, na chetezo cha ubani kisipite karibu na makasha, hata kama mama wa nyumba anakusudia mema.

Vijana na Facebook. Kupiga picha nyaraka kwa simu ni jambo zuri, nje barazani kwenye mwanga wa asubuhi, bila flashi, jina la kila faili likianza na mwaka. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya Mombasa. Kutupa karatasi baada ya hapo sikubali, na kuweka kila kitu mtandaoni nako kuna mambo matatu ya kutazamwa.

Rejista ina namba za vitambulisho, simu na makazi ya watu walio hai. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu nyinyi pia, hata kama ni chama kidogo. Muziki nao una wenyewe: kumiliki kaseti si kumiliki wimbo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 zaidi. Kaseti ya 1985 itakuwa na ulinzi mpaka mwisho wa 2035, na mtunzi wake ana hesabu yake mwenyewe.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na sheria haikulitaja kwa jina. Kama chama kilipiga kwenye harusi, basi katika ile katoni au kabatini hamkosi mikanda ya video ya chakacha na ya kupamba bibi harusi, shughuli za wanawake peke yao, wakiwa wamevua buibui, wakicheza kwa raha zao kwa kuwa hakuna mwanamume. Wamekubali kurekodiwa kwa sharti hilo. Wengine sasa ni nyanya za watu. Mkanda huo haupewi fundi mwanamume aunakili, sembuse kutiwa Facebook. Tafuteni mwanamke wa kuunakili, wapo. Wekeni kasha lake peke yake, lenye karatasi juu inayosema wazi: atazame mwanamke tu, kwa idhini ya familia iliyofanya harusi. Na ufunguo wake uwe kwako, Bi Katibu, si kwa kamati. Hili mliandike kwenye kanuni za chama, ili katibu atakayekufuata, akiwa mwanamume, ajue kwamba hilo kasha linashikwa na mwanachama mwanamke. Familia ikitaka mkanda wao urudi kwao, upewe.

Mwenyekiti naye hajakosea kufikiria serikali, ila "tuwape tupumzike" ndilo lililo na kasoro. Nyaraka za Taifa, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na makao makuu yake yakiwa Moi Avenue, Nairobi, zina ofisi ya kanda hapa Mombasa, na hata nyaraka za vyama visivyo vya serikali zina nafasi ya kuzungumziwa. Makumbusho ya Fort Jesus yapo mlangoni penu, na taasisi ya utafiti wa Uswahili ya RISSEA iko papa hapa mjini. Pia kuna vyuo vikuu vya Pwani. Popote mtakapokwenda, amueni kwanza kama mnatoa hiba au mnaweka amana. Hiba haina kurudi. Amana hubaki yenu, nao hutunza. Mimi kwa chama kinachoendelea kuishi hushauri amana, kwa maandishi, yenye majibu ya haya: nani anaruhusiwa kusoma, kipi kifungwe na mpaka lini, wanachama watapata nakala kwa bei gani, na chama kikivunjika itakuwaje. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30; nyinyi mna hiari ya kuweka masharti yenu, na kasha la mikanda ya wanawake si lazima litoke kabisa.

Mwisho, usije ukatunza ya marehemu ukapoteza ya kwako. Naamini mikutano yenu ya leo inaitishwa WhatsApp, ada inalipwa kwa M-Pesa, na picha za shughuli zinakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Chagua tarehe moja kila mwaka. Hamisha mazungumzo ya kundi yote kuwa faili, pakua taarifa ya M-Pesa ya namba ya chama, kusanya picha kutoka kwa wanachama na uandike majina ya waliomo wakati bado mnakumbuka. Chapisha kumbukumbu za mikutano, mwenyekiti azisaini kwa wino, ziingie kwenye kasha la mwaka huo. Na ufanye hivyo kabla hujabadilisha simu.